Boneti Ikigoma, Usiibandue

Mdogo wangu mwenye Vitz, mwambie huyo fundi wa jirani aiweke chini nondo yake. Boneti iliyogoma haibanduliwi. Ukimruhusu, utalipia kufuli, utalipia kunyoosha bati, kisha utalipia rangi, na kiraka cha rangi huonekana tu juani hata asifie vipi mkono wake.

Kaa kwanza kwenye kiti cha dereva. Vuta kile kishikio cha chini ya dashibodi, taratibu, uone mkono unakuambia nini. Kikija kilegevu bila ubishi wowote, kebo imekatika au imechomoka mahali ilipofungwa. Kikikataa kabisa kusogea, kuna kutu, ama ndani ya kebo ama kwenye kufuli lenyewe. Kikivutika kama siku zote ila boneti hainyanyuki, basi kufuli limejaa vumbi na grisi iliyoganda, au kebo imelegea na haivuti hadi mwisho. Wengi wenu mko kwenye hili la mwisho, hasa wa barabara za vumbi. Ninyi wa Tanga na Mombasa mnaongezewa na hewa ya chumvi, ambayo haina huruma na chuma.

Sasa mwite mtu wa pili. Mmoja avute kishikio na kukishikilia hapo hapo. Mwingine aweke viganja juu ya ncha ya mbele ya boneti, katikati kabisa, akandamize kwa uzito wa mwili kisha aachie ghafla. Rudieni. Boneti inapobana, chuma chake huukaza ulimi wa kufuli, na ule mkandamizo huupa ulimi nafasi ya kucheza. Kupiga ngumi hakuhitajika. Bati la gari la siku hizi ni jembamba, litabonyea.

Kishikio kikiwa kimekatika, usihuzunike. Ni plastiki tu. Nyuma yake utaona ncha ya kebo. Ishike kwa plaizi, uvute moja kwa moja, usipinde. Ikiwa kebo imekatikia mbali zaidi, itabidi kulifikia kufuli kupitia grili ya mbele au kwa chini. Hapo zima injini, toa ufunguo, ungoje ipoe. Feni ya rejeta kwenye magari mengi huwaka yenyewe hata injini ikiwa imezimwa, nayo haijui kwamba vidole ni vyako.

Ikifunguka, tafadhali usiifunge kwa furaha! Isimamishe kwa fimbo yake, usugue kufuli kwa mswaki wa zamani na mafuta ya kulegeza kutu. Kisha sukuma ulimi kwa bisibisi mpaka ukae kama boneti imefungwa, na mwenzako avute kishikio. Fanyeni hivyo mpaka ulimi uruke wenyewe kila mara, ndipo upake grisi. Mafuta ya kupikia yaache jikoni, huganda na kunasa vumbi. Mafuta ya breki ndiyo kabisa, yanakula rangi ya gari.

Springi ikiwa imechoka au ulimi umelika, badilisha kufuli. Kwa magari mengi ya Kijapani ni kazi ya spana namba 10, na bolti zake ni chache. Kabla hujazilegeza, chora kwa kalamu ya wino mzito kuzunguka kufuli pale lilipokaa. Matundu yake ni mapana ili liweze kurekebishwa, kwa hiyo ukilirudisha nje ya alama boneti itakaa upande. Kebo nayo ina ujanja wake: funga uzi imara kwenye ncha ya ile ya zamani kabla ya kuichomoa, ili uzi ubaki umepita njia ile ile, ndio utakaoivuta kebo mpya. Ukienda Kariakoo, au Barabara ya Kirinyaga kama uko Nairobi, nenda na kifaa cha zamani mkononi, maana ukitaja jina la gari tu utapewa kinachofanana. Kufuli lililotumika nalikubali, mradi springi iwe na nguvu. Kebo iliyotumika sinunui.

Limebaki jambo ambalo silifanyii mzaha. Boneti ina ndoano ya pili, ile unayoitafuta kwa vidole. Ukimaliza kazi, funga boneti, kisha vuta kishikio cha ndani: inapaswa kunyanyuka kidogo tu na kukamatwa na ndoano. Ikifunguka moja kwa moja, gari hilo halina ruhusa ya kwenda popote. Ukiwa kwenye mwendo, ulimi ukiachia, upepo utaibwaga boneti kwenye kioo cha mbele na hutaona barabara. Wapo wanaoifunga kwa kamba ili wafike kazini. Mimi siwabariki. Panda daladala siku hiyo, na fundi aje kulitengenezea hapo nyumbani.