SOMO: MTOTO AKISEMA, “MAMA, KICHWA!”



Katika Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya 4, tunasoma habari za mtoto wa mama Mshunami. Mtoto alikwenda kwa baba yake shambani wakati wa mavuno, akaanza kulia kwamba kichwa kinamuuma. Baba akamwagiza mtumishi ampeleke kwa mama yake. Mama akampakata, na ilipofika saa sita mchana mtoto akafa.

Mama yule hakukaa. Alipanda punda akaenda kwa Elisha. Elisha alimtanguliza mtumishi wake Gehazi na fimbo, aiweke juu ya uso wa mtoto. Fimbo haikusaidia kitu. Ndipo Elisha akaja mwenyewe, akaingia chumbani, akajilaza juu ya yule mtoto mmoja, na Mungu akamrudishia uzima.

Angalia vizuri, mama. Dawa inayotolewa bila mtu kumtazama mtoto mwenyewe ni kama ile fimbo ya Gehazi. Kichwa kuuma si jina la ugonjwa. Ni mtoto anatuambia kwamba kuna kitu. Kazi yetu, wewe na daktari pamoja, ni kutafuta kile kitu.

WATOTO WATATU, NENO MOJA

Fikiri mama watatu wamekaa kwenye benchi ya kilinika hapa Bule. Kila mmoja anasema, “Mtoto wangu, kichwa inamuuma.”

Mtoto wa kwanza ana miaka 3. Tangu jana jioni ana homa na anatetemeka. Anakunywa, shingo yake ni laini. Muuguzi anamtoboa kidole, anapima damu: ni malaria. Atapewa dawa ya malaria ya siku 3. Lazima aimalize yote, hata kama kesho yake anacheza.

Wa pili ni msichana wa miaka 9. Kichwa kinamuuma akitoka masomo, lakini siku ya Mungu haumwi. Huyu tumpime macho. Mimi mwenyewe, nilipokuwa muuguzi kijana, nilimpa msichana wa namna hii parasetamoli majuma mengi kabla ya kumwuliza swali moja: “Siku gani haikuumi?” Kumbe alikuwa haoni ubao.

Wa tatu ni kijana wa miaka 11. Mara moja au mbili kwa mwezi kichwa kinampiga kama ngoma, anatapika, anakimbia mwangaza. Akilala kidogo, anaamka mzima. Mama yake pia anaumwa hivyo. Ni kipandauso. Anahitaji dawa ya maumivu mapema yanapoanza, mahali penye giza na kimya, usingizi wa kutosha, na asikae na njaa.

Je, hawa watatu wapewe kidonge kilekile waende nyumbani? Hapana.

DALILI ZA HATARI: USINGOJE KESHO

Mpeleke mtoto leo leo, hata usiku, kama kichwa kinauma na:
1. Shingo imekaza, au mwangaza unamsumbua pamoja na homa.
2. Ana degedege, au ni vigumu kumwamsha, au anasema maneno yasiyoeleweka.
3. Anatapika kila kitu.
4. Alianguka au kupigwa kichwani.
5. Kila asubuhi anaamka na maumivu na kutapika, na kila juma yanazidi.
6. Anatembea vibaya, au jicho limepinda, au upande mmoja wa mwili umelegea.

Mtoto mchanga hawezi kusema “kichwa.” Yeye analia hata ukimbeba, anakataa ziwa, utosi umevimba. Hii inaweza kuwa meninjiti, nayo inaua upesi. Chanjo za juma la 6, la 10 na la 14 zinamkinga na aina fulani za ugonjwa huu. Usizikose.

DAKTARI ATAKUULIZA NINI?

Katika Marko 9, Yesu alimwuliza baba wa yule mtoto mgonjwa, hali hii imeanza lini. Yeye aliyejua yote, aliuliza! Basi usichoke daktari akiuliza sana. Jitayarishe kujibu:

– Ilianza lini? Inakuja saa ngapi, inakaa muda gani?
– Inauma wapi? Mtoto aonyeshe na kidole chake mwenyewe.
– Alikula nini, alikunywa maji, alilala?
– Jino, sikio, pua: kuna kinachouma?
– Nani mwingine nyumbani anaumwa? Kama wote wanaamka na kichwa kinauma baada ya kulala na jiko la makala katika nyumba iliyofungwa, toka nje wote mara moja. Ule moshi usioonekana unaua.

Kama maumivu yanarudi-rudi, chora mstari ukutani na makala kila siku anapoumwa. Mistari ile itamsaidia daktari sana.

DAWA INAFUATA KILO

Parasetamoli ya miligramu 500: mtoto wa kilo 10 mpaka 12, robo ya kidonge. Wa kilo 20 mpaka 25, nusu. Saa 6 zipite kabla ya kurudia, si zaidi ya mara 4 kwa siku. Ikizidi inaharibu ini. Na mtu anayemeza dawa ya maumivu karibu kila siku, dawa yenyewe inaweza kuleta maumivu ya kichwa. Usimpe mtoto aspirini. Usimchanje kichwani na wembe: jeraha linaweza kuingiza pepopunda.

KICHWA NA WOGA

Wengi wenu mmekimbia vita. Hapa karibu, kambi ya Plaine Savo ilishambuliwa usiku mwezi wa Februari 2022, na watu zaidi ya 50 waliuawa. Mtoto aliyeona mambo kama haya anaweza kuumwa kichwa jua likizama. Usimwambie, “Unadanganya.” Maumivu yake ni ya kweli. Kwanza apimwe, tuhakikishe hakuna ugonjwa mwingine. Kisha alale karibu nawe, ale kwa saa zake, acheze na wenzake. Ombeni pamoja. Akitaka kusema aliyoyaona, msikilize mpaka mwisho.

MASWALI YA KUKUMBUKA

1. Kwa nini fimbo ya Gehazi haikutosha?
2. Taja dalili tatu za kukimbiza mtoto leo leo.
3. Mtoto wako ana kilo ngapi? Kama hujui, leta kadi yake, tumpime leo.