Mlango wa Kuingilia Ukikaribia Kufungwa, Hamisha Akaunti Yako Mapema

Umewahi kufungua programu mpya kwenye simu, ukaona kitufe cha kuingia kwa Google au Facebook, ukabonyeza tu na maisha yakaendelea? Wengi wetu tumefanya hivyo. Ni rahisi, na hakuna neno la siri jipya la kukumbuka. Lakini je, huyo anayekufungulia mlango akiamua kufunga kazi?

Imewahi kutokea. Mozilla walizima huduma yao ya kuingia, Persona, tarehe 30 Novemba 2016. Facebook nao walikuwa na Account Kit, iliyokuwezesha kuingia kwenye programu za kampuni nyingine kwa nambari ya simu na SMS ya uthibitisho. Ilifungwa Machi 2020.

Soja akiondoka, nyumba inabaki

Huduma ya kuingia ni kama soja wa geti. Kazi yake ni kusema, "Huyu namjua, apite." Rekodi zako hazikai kwake, zinakaa ndani, kwa kampuni uliyofungua akaunti. Soja akiondoka, nyumba haihami. Shida ni kwamba hakuna tena wa kusema wewe ni wewe.

Ndiyo maana muda wa notisi ni wa thamani. Soja akiwa bado yuko, unaingia kama kawaida, kisha unaweka njia mpya: nambari ya simu, barua pepe au neno la siri. Ni dakika chache tu. Ukingoja tarehe ipite, huenda ukalazimika kujithibitisha upya kwa kitambulisho na kusubiri. Tuseme wewe ni mweka hazina wa chama, rekodi za michango ziko humo, na Jumapili mnakutana. Utawaambia nini wenzako?

Ukipata notisi, fanya hivi

1. Usibonyeze linki iliyo kwenye meseji. Fungua programu mwenyewe uone kama notisi iko humo. Wakora hupenda sana nyakati kama hizi.
2. Hakikisha nambari na barua pepe zilizo kwenye akaunti bado ni zako. Laini uliyoacha kutumia inaweza kupewa mtu mwingine, na SMS ya uthibitisho itamwendea yeye.
3. Ongeza njia mpya, toka, kisha uingie tena kwa njia hiyo. Usiseme umemaliza kabla ya kujaribu.
4. Usikimbilie kufungua akaunti mpya. Salio na historia yako vitabaki kwenye ile ya zamani.
5. Mtu akikupigia kukuuliza PIN au nambari ya uthibitisho "ili akusaidie kuhama", kata simu.

Na si lazima ungoje notisi. Leo jioni, pitia programu zako zinazogusa pesa. Ikiwa kuna yoyote yenye mlango mmoja tu, weka wa pili.