Kona ya Dada: Rangi Yako Ipo, Tutaichanganya

Mdogo wangu wa Tanga, barua yako nimeisoma mara tatu, ya mwisho nikiwa saluni mteja yuko chini ya drayeri, nikaona nisingoje zamu yako ifike. Umesema una mbalanga pembeni mwa mdomo, kuzunguka macho na kwenye vidole, kwamba ilianza ukiwa kidato cha tatu, na kwamba Desemba unaolewa. Umeniuliza mambo mawili. La kwanza, kama ipo mekapu ya kufunika madoa hayo shughuli nzima bila kuyeyuka. La pili umeliandika ukingoni mwa karatasi, kwa herufi ndogo kama vile hukutaka nilione: “Nikijipaka, nitakuwa nimemdanganya?”

Nimeliona. Nitalifikia. Nianze na la kwanza, maana hilo mikono yangu inalijua kwa miaka mingi.

Mekapu hiyo ipo, na si fondesheni ya kawaida iliyopakwa nene. Hapo ndipo wengi wanapokosea: wanarundika tabaka juu ya tabaka, na baada ya saa mbili uso unapasuka kama tope la bwawa lililokauka. Fondesheni ya kawaida imetengenezwa ili ngozi ionekane kidogo chini yake. Krimu ya kufunika madoa imetengenezwa ili kilicho chini kisionekane kabisa: rangi ni nyingi, maji ni machache, na ikishikwa na poda haiondoki kwa jasho. Kiasi cha punje ya choroko kinatosha doa la ukubwa wa sarafu ya mia mbili.

Aliyeanzisha jambo hili hakuwa daktari. Alikuwa msichana wa Marekani, Lydia O'Leary, aliyezaliwa na baka jekundu usoni. Aliomba kazi ya dukani akakataliwa kwa sababu ya uso wake. Akakaa akachanganya rangi mpaka akapata krimu ya kulifunika lile baka, na mwaka 1932 serikali ya nchi yake ikampa hataza. Krimu yake, Covermark, bado inauzwa. Na Michael Jackson, ambaye tulikua tukiambiwa kajichubua, alimwambia Oprah Winfrey mwaka 1993 kwamba ana ugonjwa unaoharibu rangi ya ngozi, na kwamba alikuwa akitumia mekapu kuyalinganisha mabaka. Watu wengi hawakumwamini. Alipofariki mwaka 2009, uchunguzi wa maiti ulithibitisha kwamba alikuwa na ugonjwa wako wewe, mdogo wangu, ambao madaktari wanauita vitiligo. Kinga ya mwili inazishambulia chembe zinazotengeneza rangi ya ngozi. Hauambukizi, na hakuna aliyekuroga.

Sasa nikuoneshe kazi yenyewe. Mwaka jana alikuja dada mmoja aliyeungua na uji wa moto utotoni, kovu limeanza shavuni likashuka hadi shingoni. Aliingia mtandio umevutwa hadi chini ya jicho. Sikumkalisha mbele ya kioo. Nilibeba stuli nikaiweka mlangoni, mahali penye mwanga wa mchana usio na jua kali, kwa sababu taa za saluni zinadanganya. Nilijifunza hilo kwa kumwumiza mtu: miaka ya nyuma nilimlinganishia bibi harusi rangi chini ya taa ndefu nyeupe, akapendeza kwenye kioo, picha zilipotoka akawa wa kijivu kama aliyepakwa majivu. Krimu nyingi zina unga mweupe wa titani. Kwenye ngozi nyeusi unga huo ukizidi, na kamera ikipiga mwanga wake, jivu linatokeza. Tangu hapo kila rangi naichanganyia mlangoni, na kabla ya shughuli nampiga mtu picha mbili kwa simu, moja ikiwa na flashi.

Basi yule dada nikamwekea rangi tatu juu ya mgongo wa mkono wangu: moja ya kahawa iliyokolea, moja ya asali, moja yenye wekundu kama udongo wa kichuguu. Hakuna kopo moja lenye rangi ya mtu. Hata uso wenyewe una rangi mbili tatu. Paji la uso ni jeusi kuliko shavu. Nilichanganya kwa nyuma ya kijiko, nikajaribia pembeni mwa taya mpaka lile doa la majaribio likapotea machoni pangu. Kisha nikachukua kidogo kwa kidole cha pete, maana nguvu yake ni ndogo, nikawa nagonga taratibu, gonga, gonga, bila kuburuta. Kingo za kovu nikazivusha kidogo ziingie kwenye ngozi nzima, zisiache mstari. Nikakandamiza poda juu yake kwa sponji kavu, ikakaa kama dakika kumi tukiwa tunaongea habari za watoto. Nikapangusa iliyozidi kwa brashi laini. Mwisho nikalowesha kitambaa, nikakamua, nikakibandika juu ya shavu na kukiinua. Kilitoka cheupe.

Ndipo nikampa kioo. Hakulia kama mnavyoona kwenye video. Alijitazama kimya, akageuza shingo kulia, kushoto, akaniuliza, “Na nikicheka?” Akacheka, akatazama tena.

Lakini nilimwambia ukweli kabla sijaanza, na nakwambia na wewe: krimu inafunika rangi, haifuniki mwinuko. Kovu lililovimba litabaki limevimba, na mwanga ukija kwa pembeni kivuli chake kitaonekana. Wadogo zangu wenye keloidi, hata wachanganye rangi vipi, uvimbe hauzami kwa mekapu. Huo wa kupelekwa kwa daktari. Wewe una bahati katika hili. Mbalanga haibadilishi umbo la ngozi, ni rangi tu imeondoka, na ngozi ni laini vilevile. Hakuna tatizo linaloitikia krimu hizi vizuri kama lako. Doa jeupe halihitaji rangi ya kusahihisha chini yake. Unakwenda moja kwa moja kwenye rangi yako. Rangi za kusahihisha waachie wenye madoa meusi ya chunusi, ambao hutanguliza rangi ya chungwa iliyoiva, na wenye mabaka mekundu, ambao hutanguliza kijani.

Pembeni mwa mdomo ndipo patakapokutesa. Siku ya harusi utakula, na mafuta ya pilau yanayeyusha krimu ambayo jasho limeishindwa. Kula kwa kijiko, matonge madogo, na ukitaka kujifuta, bandika tishu kavu uinue, usifute. Mpambaji akuachie kikopo chenye mchanganyiko wako na poda kidogo, somo wako avishike.

Vidole ni vigumu zaidi kwa sababu vinanawa mara kumi kwa siku. Hapo mimi singetumia krimu. Ningetumia hina. Hina ya majani inaitia wekundu ngozi yenye rangi na isiyo na rangi pia, na maua yakichorwa juu yake macho ya watu yanafuata maua. Ila piko ile nyeusi, mdogo wangu, nakuomba kwa jina la Mungu usiiguse. Nyingi huchanganywa na dawa ya kutia nywele rangi. Nimeona mikono ya mabibi harusi imetoka malengelenge kwa umbo la waridi lilelile lililochorwa, na kovu lake likabaki. Ngozi yako ikiumia, mahali palipoumia panaweza kuota doa jipya. Kwa sababu hiyohiyo, mwambie anayekusugua singo mkono uwe mwepesi. Na usiku wa kuondoa mekapu usichukue dodoki. Paka mafuta ya nazi, yaache yalainishe krimu, pangusa kwa pamba, ndipo unawe.

Umesema unaswali, nami pia. Krimu hii haipitishi maji, hiyo ndiyo kazi yake, kwa hiyo ikiwa usoni maji ya udhu hayafiki kwenye ngozi. Mabibi harusi wangu wengi hutawadha kwanza, wakapakwa, wakajitahidi kuulinda udhu wao mpaka sala ipite. Lako mahsusi muulize ustadhi wako. Nakutajia mapema ili usije ukajikuta saa kumi na moja jioni unachagua kati ya uso na sala ya alasiri.

Kuhusu kununua: usiende dukani peke yako ukasema “nina mbalanga, nipe dawa”. Utapewa mkorogo. Vikopo hivyo vyenye zebaki, haidrokwinoni au steroidi vimeharibu nyuso nyingi kuliko chunusi zilivyowahi kuharibu, na mtu mwenye mbalanga wauzaji humwambia watamchubua pote alingane. Ninachokieleza hapa hakibadilishi ngozi hata kidogo. Kinavaliwa asubuhi, kinavuliwa usiku. Angalia kopo limefungwa, lina tarehe ya mwisho na alama ya ubora ya TBS. Jaribu kidogo nyuma ya sikio siku mbili kabla ya kupaka usoni. Brashi zako ziwe zako. Na juani paka losheni ya kuzuia jua kwenye madoa, kwa sababu hayana kinga yake ya asili na yanaungua haraka.

Jambo moja hukuliandika, nami silipiti: nani alikwambia ni mbalanga? Kama ni majirani, haitoshi. Kabla ya krimu yoyote, fumba macho, mwambie mdogo wako apitishe unyoya au pamba juu ya madoa, na wewe useme anapogusa. Mbalanga inahisi kila kitu. Doa lenye rangi iliyopauka ambalo halihisi linaweza kuwa ukoma, na ukoma unatibika kabisa kwa dawa zinazotolewa bure. Mtu anayelipaka mekapu doa la namna hiyo anaupa ugonjwa muda wa kumla vidole. Kama hujaonana na daktari wa ngozi, nenda Moshi, pale hospitali ya KCMC kipo kituo cha magonjwa ya ngozi kinachofundisha madaktari wa nchi nyingi za Afrika tangu mwaka 1992. Watakueleza pia kuhusu krimu za dawa na tiba ya mwanga zinazoweza kurudisha rangi, usoni hasa kuliko vidoleni.

Sasa lile la ukingoni mwa karatasi.

Umeandika kwamba shangazi yako amekwambia upake, uolewe, mengine yatajulikana mbele ya safari. Namheshimu shangazi, na najua anachokiogopa. Ameona posa ngapi zimevunjika kwa maneno ya watu. Lakini unaniambia wewe na mchumba wako mmejuana kwa simu miezi minane, mmeonana mara mbili, na mara zote mbili ulikuwa na niqabu na glavu. Huyo kijana hajawahi kuona uso wako. Kwa hiyo jibu langu ni hili: kupaka si kumdanganya, kunyamaza ndiko kumdanganya. Mekapu ni kama baibui, unavaa kwa watu wasiokuhusu. Mumeo atakuona alfajiri ya kwanza, umenawa, na hiyo alfajiri isiwe ndiyo siku ya kupata habari.

Na akikataa? Utaumia, sitakudanganya. Utaumia huku ukiwa nyumbani kwenu, kitandani kwako, na mama yako yupo jikoni. Nimempamba bibi harusi aliyeficha. Alikuwa halali mpaka mume alale kwanza, na anaamka saa tisa za usiku kujipaka upya gizani, miezi minne mfululizo, mpaka ngozi yake ikatoka vipele kwa kukosa kupumzika. Mume alipogundua hakukasirishwa na madoa. Alimuuliza, “Kwa nini uliniogopa?” Sasa hivi yule mke anapaka akipenda, Jumamosi za harusi tu.

Vaa krimu kwa ajili yako. Vaa siku unayotaka kupita sokoni bila mtoto kukunyooshea kidole, siku ya picha, siku ya usaili wa kazi. Siku nyingine usivae. Sitaki iwe deni unalolipa kila asubuhi kabla ya kufungua mlango.

Mwambie kabla kadi hazijagawiwa. Mwambie mchana, mbele ya kaka yako au mama yako, ukiwa umenawa uso na umevua glavu. Kisha niandikie. Desemba nitakuwa Tanga, na stuli yako nitaiweka mlangoni.