Adhana Ndiyo Kengele Yangu

Saa ya mezani niliyouziwa Mwembe Tayari ilikata roho kabla mwezi haujaandama. Muuzaji alikuwa ameniapia kuwa ni mashine ya Kijapani. Niliporudi nayo akaigeuzageuza, akaitikisa, kisha akadai imeliwa na chumvi ya bahari, utadhani mimi hulala ndani ya feri ya Likoni. Pesa hakurudisha. Simu nayo usinitajie: ukiizima kengele, kidole kinateleza hadi WhatsApp, na ikifika saa kumi na mbili umeshamaliza ugomvi wote wa kikundi cha kwaya, na Mungu hujamsalimia.

Wengi mmeniuliza nimewezaje kufufua maombi yangu nikiishi hapa Makupa, katikati ya matatu, tuktuk na malori ya Changamwe. Hatua ni nne. Ya kwanza, lala mapema. Ya pili ndiyo yenyewe: adhana ya alfajiri.

Msikiti uko nyuma ya nyumba yetu. Mombasa iko karibu na ikweta, kwa hiyo alfajiri yetu haisogei sana mwaka mzima. Ni kwenye saa kumi na moja hivi. Muadhini akianza, nakaa kitako. Akimaliza, nawasha taa na kusoma Zaburi moja kwa sauti ya chini. Narudia, kwa sauti. Macho ya alfajiri hudanganya, yanapita mistari kumi na kichwa bado kimelala. Mdomo ukitamka, sikio linadai maana. Kwa kazi hii nashikilia Biblia ya Union ya 1952. Ile ya Habari Njema inaeleweka upesi, lakini mdomoni haina mwendo.

Wapo ndugu kanisani waliokunja uso: Mkristo anaamshwaje na msikiti? Niliwafungulia Danieli sura ya 6, habari za Danieli aliyepiga magoti mara tatu kwa siku huko ugenini. Nikawakumbusha pia Frere Town, kijiji cha watumwa waliokombolewa kilichoanzishwa na wamisionari wa CMS mwaka 1875. Walikuwa na kengele yao, na mtaa wa Kengeleni ukapata jina hapo. Kuitwa kwa sauti si jambo geni kwetu. Mmoja bado amenuna. Shauri yake.

Faida ambayo sikuitegemea ni jirani yangu wa chini, bibi wa Kimvita anayeswali alfajiri bila kukosa. Asubuhi moja nilimkuta barazani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona leo taa yako sikuiona? Waumwa?"

Nikamweleza kuwa nilikuwa kwenye kesha kanisani, nikarudi usiku wa manane.

"Kesha halikuondolei alfajiri," akasema, akaendelea kuchambua mchele wake.

Tangu siku ile nalindwa kuliko mahabusu. Nimehudhuria semina za uamsho zenye mahema na vipaza sauti, nyingine za kulipia kiingilio, na hakuna hata moja iliyowahi kuniuliza kesho yake kama niliamka.

Hatua ya tatu na ya nne? Kufunga, na ushirika wa waumini. Mchungaji wako atakueleza vizuri kuliko mimi.

Ila ukianza kesho, usiifungue Zaburi ya 119, ina mistari 176 na chai itapoa. Anza na ya 117. Ina miwili tu.