SHERIA YA KASHFA: YAKUPASAYO KUJUA

Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Katika Kenya hilo si neno la wazee tu, bali ni jambo la mahakama pia. Katiba ya mwaka 2010 yampa kila mtu uhuru wa kusema, lakini yamwagiza aheshimu jina la mwenzake. Na Sheria ya Kashfa, iliyotungwa mwaka 1970, yaeleza jinsi ya kudai.

Tuchukue mfano. Mkulima asimama sokoni na kutangaza, “Mtunza fedha wa chama chetu cha kahawa ni mwizi.” Ikiwa si kweli, hiyo ni kashfa, maana watu wengine wamesikia. Kama angalimwambia mwenyewe faraghani, isingalikuwa kashfa. Maneno ya kuandikwa hudaiwa hata pasipo hasara ya fedha. Maneno ya mdomo kwa kawaida huhitaji uthibitisho wa hasara, ila si katika kumsingizia mtu jinai, kumvunjia sifa katika kazi yake, au kumzulia mwanamke uzinzi.

Je, mkulima yule aweza kujiteteaje? Kinga zilizo kuu ni tatu. Ya kwanza ni ukweli. Lakini ni juu yake kuuthibitisha, na kusema “Nami nilisikia tu” hakumwokoi. Ya pili ni maoni ya haki juu ya jambo la watu wote. Akisema, “Hesabu hazikusomwa mkutanoni, kwa hiyo hafai kuchaguliwa tena,” hayo ni maoni, mradi ni kweli hazikusomwa. Ya tatu ni kusema palipo na wajibu: akipeleka shaka yake polisi kwa nia njema, hulindwa hata ikionekana baadaye kwamba alikosea. Lakini ikithibitishwa kwamba alisema kwa chuki, kinga hii ya tatu humwondokea.

Mwaka 2017 Mahakama Kuu ilibatilisha kifungu kilichoifanya kashfa kuwa kosa la jinai. Kesi ya kashfa sasa ni ya kudai fidia, na yapasa ifunguliwe kabla ya miezi 12 kupita.

Basi, ndugu msomaji, ukiona fedha za chama zimepungua, usinyamaze, wala usipige kelele sokoni. Peleka neno lako kwa wakaguzi wa hesabu au polisi. Ni neno lile lile, lakini huko lina ulinzi wa sheria.