Vinanda viwili vya aina moja kwenye kompyuta moja

Wapiga vinanda wanaotumia kompyuta jukwaani mara nyingi hujikuta na vinanda viwili vinavyofanana kila kitu, na wana sababu nzuri. Mkono ukihama kutoka cha chini kwenda cha juu unakutana na ugumu uleule wa vitufe. Waya na adapta za kimoja zinaingia kwenye kingine. Kimoja kikiharibika katikati ya harusi, kingine kinabeba mzigo. Hata dukani, ukipata bei nzuri ya kimoja, cha pili utakachopewa kwa bei hiyo ni ndugu yake.

Tatizo linajitokeza siku ya kazi. Mazoezini kinanda cha chini kilikuwa piano na cha juu kilikuwa ogani. Umefika ukumbini, umechomeka waya, umegusa cha chini, inalia ogani. Unabadilisha waya haraka haraka, mambo yanakaa sawa, kisha ukizima na kuwasha kompyuta yanageuka tena. Fundi mitambo anakutazama, kwaya imeshasimama.

Kosa halipo kwenye vinanda, na mara nyingi halipo kwenye programu. Kifaa chochote cha USB kikichomekwa hujitambulisha kwa namba ya kampuni iliyokitengeneza na namba ya aina yake. Kinaweza pia kutoa namba yake binafsi ya pekee, lakini hiyo si lazima, na vinanda vingi vya bei ya kawaida havina. Viwili vya aina moja vinapoingia, kompyuta inaona mapacha waliovaa nguo moja. Kilichobaki cha kuwatofautishia ni tundu: hiki kiko huku, kile kiko kule. Ndiyo maana kwenye Windows ukihamisha waya kwenda tundu jingine, kinanda kilekile kinahesabiwa kuwa kifaa kipya na jina lake linaweza kuongezewa namba mbele. Mac nayo inaweza kukuwekea majina mawili yanayofanana kabisa kwenye orodha, ukabaki kubahatisha.

Ushauri wa kawaida ni kuchomeka kila kinanda kwenye tundu lake lilelile siku zote. Ni ushauri mzuri, ufuate. Bandika utepe kwenye waya na kwenye tundu, andika JUU na CHINI. Kwenye Mac fungua Audio MIDI Setup, nenda dirisha la MIDI, bofya mara mbili picha ya kila kinanda ukipe jina lake. Ila usiishie hapo, kwa sababu tundu ni jambo la nje. Tundu linalegea, habu ya USB inabadilishwa, umeazimwa kompyuta ya mwenzako. Alama ya kukitambulisha kinanda inatakiwa itoke ndani ya kinanda chenyewe, na MIDI, lugha ambayo vyombo vya muziki na kompyuta huzungumza, ilishaweka nafasi ya alama hiyo miaka mingi kabla ya USB.

MIDI ilionyeshwa hadharani Januari 1983 kwenye maonyesho ya NAMM huko California, pale kinanda cha Prophet-600 cha Dave Smith kilipounganishwa na Jupiter-6 ya Roland. Wakati huo hapakuwa na habari ya jina la kifaa. Waya mmoja ulitakiwa kubeba ujumbe wa vyombo kadhaa, hivyo kila ujumbe unaohusu noti ulipewa namba ya chaneli, kuanzia 1 hadi 16. Ukibonyeza kitufe, kinanda kinatuma namba tatu. Ya kwanza inasema kilichotokea na chaneli yake, ya pili inataja noti, ya tatu inaeleza umebonyeza kwa nguvu kiasi gani. Kwa noti inayobonyezwa, namba ya kwanza ni 144 ikiwa chaneli ya 1, ni 145 ikiwa chaneli ya 2, na kuendelea hadi 159. Yaani chaneli inasafiri ndani ya noti yenyewe. Chomeka waya unapotaka, pitisha kwenye habu yoyote, chaneli haibadiliki.

Kwa hiyo kazi ya msingi ni moja: kinanda cha chini kiweke chaneli ya 1, cha juu kiweke chaneli ya 2, kisha iambie programu isikilize chaneli na isijali jina la kifaa.

Vinanda vingi vinatoka kiwandani vikiwa chaneli ya 1, ndiyo maana viwili vinagongana. Namna ya kubadilisha hutofautiana. Kwa kawaida kuna kitufe cha mipangilio, na juu ya vitufe vya kupigia yameandikwa maneno madogo; unabonyeza kile cha mipangilio, kisha chenye neno la chaneli, kisha namba. Vingine vinabadilishwa kwa programu ya kampuni kwenye kompyuta. Ukimaliza, zima kinanda, kiache kidogo, kiwashe, uangalie kama kimekumbuka. Hatua hii usiiruke. Vipo vinavyosahau kila kitu umeme ukitoka, na kama chako ni hicho, hifadhi mpangilio kwenye moja ya kumbukumbu zake, au zoea kukiweka upya kila unapofunga vyombo. Chaneli ya 10 iepuke, kwa desturi ni ya ngoma, na vinanda vyenye pedi za kugonga mara nyingi huzituma huko.

Kuhakikisha, usitumie masikio. Tumia programu ndogo ya kuonyesha ujumbe unaoingia: kwenye Windows ipo MIDI-OX, kwenye Mac ipo MIDI Monitor, zote za bure. Bonyeza C ya kati kwenye kinanda cha juu. Unatakiwa kuona noti namba 60, chaneli ya 2. Kisha, na hapa ndipo wengi wanapokwama, sukuma gurudumu la kupinda sauti, zungusha kila kitasa unachokitumia, kanyaga pedali. Kuna vinanda ambavyo vitufe vinahama chaneli lakini vitasa vinabaki kwenye chaneli yao ya zamani. Usipoligundua hilo nyumbani, utapandisha sauti ya ogani kwa kitasa cha juu na piano ya chini ndiyo itakayopanda.

Upande wa programu, majina ya sehemu yanatofautiana ila wazo ni lilelile. Kwenye MainStage, ingia sehemu ya kupanga vifaa vya skrini, chagua kinanda kilichochorwa, na katika maelezo yake weka chaneli yake badala ya kuacha chaneli zote. Kwenye Ableton Live, kila traki ya MIDI ina sehemu mbili za kuchagua chanzo: ya juu acha vifaa vyote, ya chini chagua chaneli ya 1 au ya 2. Gig Performer na Cantabile zimeenda mbele kidogo: zinakuruhusu kubuni jina lako mwenyewe, tuseme “Kinanda cha Juu”, nyimbo zako zote zikatumia jina hilo, halafu mahali pamoja tu ukaeleza ni kifaa gani halisi kinachosimama nyuma yake. Siku ukibadilisha kinanda unarekebisha hapo tu, huhangaiki na nyimbo arobaini. Kwa anayepiga na kikundi zaidi ya kimoja, jambo hilo pekee linatosha kuwa sababu ya kuchagua programu.

Kuna mtego mmoja baada ya hapo. Baadhi ya ala za kompyuta husikiliza chaneli moja tu, na ukizipelekea noti za chaneli ya 2 zinanyamaza kimya. Utadhani waya umekatika. Dawa ni kuiambia programu ichuje kwanza chaneli ya 2, kisha igeuze noti hizo kuwa chaneli ya 1 kabla hazijafika kwenye ala. Programu nyingi za jukwaani zina sehemu ya kufanya hivyo.

Kama vinanda vyako vina tundu la duara la pini tano, una njia nyingine ambayo binafsi naipenda zaidi kwa kazi kubwa. Nunua kisanduku cha kuunganishia MIDI chenye milango miwili ya kuingilia, peleka kila kinanda kwenye mlango wake kwa waya wa pini tano. Kompyuta inaona kisanduku kimoja chenye mlango wa 1 na wa 2, na milango hiyo haibadilishani nafasi. Waya huo unaweza kufika mita 15, wakati wa USB mwisho wake ni kama mita 5. Wanaodhani ni teknolojia ya kizee na inachelewa wapige hesabu: biti 31,250 kwa sekunde maana yake noti moja inapita kwa muda usiofika milisekunde moja. Vinanda vyenyewe unavipa umeme kwa adapta zao, au vile vinavyokubali, kwa chaja nzuri ya simu. Na chaneli bado zitenganishe, hata hapa.

Sasa umeme. Kompyuta mpakato ina betri, kwa hiyo umeme ukikatika kabla jenereta haijashika, yenyewe inaendelea. Habu inayotegemea umeme wa ukutani haiendelei. Vinanda vyote viwili vinapotea kwa pamoja, na vinaporudi vinaweza kuingia kwa mpangilio mwingine. Aliyetegemea majina atapata tabu. Aliyetegemea chaneli ataendelea kupiga, mradi programu yake inavipokea vifaa vinavyorudi na vinanda vyenyewe vimekumbuka chaneli zao. Jaribu hili kwa makusudi mazoezini. Chomoa habu wimbo ukiendelea, subiri, irudishe. Ukikuta programu inataka kufungwa na kufunguliwa upya, ni afadhali uwe umelijua siku hiyo.

Jaribio hilo litakuonyesha na jambo jingine. Kinanda kikichomoka huku umeshika noti, ujumbe wa kuachia haufiki, na sauti inalia bila kukoma. Programu karibu zote zina kitufe cha kunyamazisha kila kitu. Kiunganishe na kitasa au pedi iliyo karibu na mkono wako. Kwenye Windows zima pia ile mipangilio inayolaza USB ili kuokoa umeme, kwa sababu kinanda kilichokaa bila kuguswa wakati wa mahubiri marefu kinaweza kukatiwa mawasiliano. Pedali nayo usiikanyage unapowasha. Vinanda vingi huisoma hali yake wakati huo, na ukiwa umeikanyaga itafanya kazi kinyume usiku mzima.

Ukishamaliza yote, tengeneza faili la pili la nyimbo zako kwa ajili ya siku ya kinanda kimoja: vitufe vya kushoto piano, vya kulia ogani, mgawanyo uwe kwenye noti ambayo mikono yako inaizoea, na lipokee chaneli ya 1 na ya 2 bila kubagua, ili kinanda chochote kitakachobaki hai kiweze kulitumia. Lifungue mazoezini angalau mara moja na upige wimbo mzima nalo, maana sauti ya piano iliyobanwa kwenye oktavu mbili na nusu inataka upigaji mwingine.