Floridi: Ikiwa Kidogo Hulinda Meno, Ikizidi Huyaharibu



Katika vijiji vinavyouzunguka Mlima Meru, mkoani Arusha, utawaona watu wengi wenye meno ya kahawia. Wengine wana madoa meupe kama chokaa. Wengine meno yao yana vishimo, nayo humeguka upesi. Mgeni akiwaona hudhani kwamba hawapigi mswaki. Hivyo sivyo. Meno hayo yanaweza kusuguliwa kwa mswaki, kwa mkaa, hata kwa mchanga, na rangi isitoke. Rangi hiyo haikutokana na uchafu. Ilianza wakati jino lilipokuwa bado linajengwa ndani ya taya ya mtoto.

Kinacholeta hali hiyo ni madini yaitwayo floridi. Yamo katika maji ya kunywa.

Mwili wetu una madini ya namna nyingi. Mengine ni ya lazima. Tukikosa madini ya chuma, damu hupungua. Tukikosa madini joto, tunapata rovu. Mengine si ya lazima, ila huingia mwilini kwa chakula na maji. Baadhi ya hayo hutumiwa kuwa dawa, lakini kwa kipimo. Lithiamu hutuliza baadhi ya wagonjwa wa akili, na daktari hupima damu yao mara kwa mara kwa sababu ikizidi kidogo tu huwa sumu. Zebaki nayo zamani ilitumiwa kutibu kaswende. Iliwadhuru wengi, ikaachwa. Floridi imo katika kundi hili. Mtu anaweza kuishi bila floridi.

Habari ya floridi ilianza kufahamika huko Marekani. Mwaka 1901 daktari wa meno, Frederick McKay, alifika katika mji wa Colorado Springs. Aliwakuta wenyeji wengi wana meno ya kahawia. Baadaye aligundua jambo la ajabu: meno hayo yalikuwa na sura mbaya, lakini hayakuoza kwa urahisi. Ilipita miaka 30 kabla ya sababu kujulikana. Mwaka 1931 mtaalamu wa kemia, H. V. Churchill, alipima maji ya mji mwingine wenye watu wa meno kama hayo, akakuta floridi. Mwaka 1945 mji wa Grand Rapids ulianza kutia floridi kidogo katika maji yake, kama miligramu 1 kwa kila lita. Watoto waliokua wakiyanywa walipungukiwa na meno mabovu kwa zaidi ya nusu.

Ndiyo sababu dawa nyingi za meno zina floridi. Sukari tunayokula hugeuzwa na vijidudu vya kinywani kuwa asidi. Asidi hiyo hulila jino. Floridi hulifanya tabaka la nje la jino kuwa gumu zaidi. Lakini dawa ya meno ni ya kutema, si ya kumeza. Mtoto wa chini ya miaka 3 atiliwe kiasi cha punje ya mchele tu. Wa miaka 3 hadi 6, kiasi cha njegere moja.

Sasa, miligramu ni kitu gani? Kijiko cha chai cha chumvi kina kama gramu 5. Gramu 1 ina miligramu 1,000. Ukikitia kijiko hicho katika mapipa 16 ya lita 200, kila lita itapata kama miligramu moja na nusu. Hicho ndicho kiasi cha juu cha floridi ambacho Shirika la Afya Duniani linakikubali katika maji. Katika miaka ya 1970 nchi yetu ilivumilia hadi miligramu 8 vijijini, kwa kuwa maji yenyewe yalikuwa haba. Baadaye kiwango kilishushwa hadi 4, na sasa ni moja na nusu.

Mlima Meru ni mlima wa volkano. Maji hupita katika mawe yake na kuiyeyusha floridi iliyomo. Chemchemi mbili zilizo karibu zaweza kutofautiana sana. Macho hayawezi kukuambia, wala ulimi. Maji yaweza kuwa maangavu na matamu, na bado yakawa na floridi nyingi. Kuyachemsha huua vijidudu, lakini hakuondoi floridi. Maji yakipungua sufuriani, floridi hubaki. Njia ya kujua ni kupima. Mwoneni Bwana Afya au mtu wa idara ya maji.

Mtu akinywa maji ya namna hiyo miaka mingi, mifupa nayo hudhurika. Mgongo na shingo hukakamaa. Watoto wengine miguu hupinda. Lakini matege huletwa na mambo mengine pia, kwa hiyo mpelekeni mtoto hospitali.

Sasa tuje nyumbani. Tuseme familia ina ndoo moja tu ya maji ya mvua kwa siku. Maji ya mvua karibu hayana floridi. Nani ayanywe? Kwa desturi, baba hupewa kwanza. Mimi nasema wapewe watoto wa chini ya miaka 8. Meno yao ndiyo yanayojengwa. Uji wao upikwe kwa maji hayo. Baba ambaye meno yake yameshaota hayawezi tena kupata madoa hayo, ingawa mifupa yake yahitaji maji mazuri yakipatikana. Kufua na kuoga, tumieni ya chemchemi bila hofu. Mtoto mchanga anyonye: maziwa ya mama yana floridi kidogo sana, hata mama akinywa maji mabaya.

Tena kuna magadi. Akina mama huyatia katika maharage na makande ili yaive upesi. Magadi mengine, hasa yanayokwanguliwa juu ya udongo, yana floridi nyingi. Lowekeni maharage usiku kucha. Yataiva bila magadi, na kuni zitapungua.

Huko Ngurdoto, karibu na Arusha, kuna kituo kinachochuja floridi kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Msijaribu kuichoma mifupa nyumbani. Ikichomwa vibaya, maji hunuka na kubadilika rangi.

Maswali ya kujadili

1. Kwa nini mswaki hauondoi rangi ya kahawia?
2. Kwa nini kuchemsha maji hakuondoi floridi?
3. Chemchemi yenu imepimwa? Ikiwa bado, nani katika darasa hili atakwenda kumwona Bwana Afya, na siku gani?
4. Nyumba yenu ina bati au nyasi? Maji ya mvua mtayakingaje?